Alivunja vibuyu, akabakisha kotama: kisa cha mgema wa Ganda

Mke wa mgema alikuja kwangu Jumatatu asubuhi, kabla chai haijaiva, akaketi kwenye kigoda barazani na leso ameikunja magotini. Alikuwa ametoka Ganda kwa bodaboda hadi hapa Malindi mjini. Maneno yake ya kwanza nayaandika kama alivyoyasema, maana kisa chote kimo ndani yake: "Mwalimu, mume wangu amempa Mungu kila kitu. Na mimi nimo humo, wala sikuulizwa."

Mimi ni mwalimu wa kanisa, si mchungaji aliyewekewa mikono. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwafundisha wanaojiandaa kwa ubatizo, kusaidia mazishi, na kukaa na watu nyumba zao zinapotikisika. Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya wenyewe. Majina sikuyaweka, na mambo mawili matatu nimeyageuza ili wasitambulike. Nakiandika kwa sababu swali lililomo naulizwa mara kwa mara, na mara nyingi nimelijibu kwa pupa: Mkristo anaposema ameyatoa maisha yake yote kwa Mungu, ametoa nini hasa, na amekitoa vipi?

Hali ilivyokuwa

Mume ni mgema. Alianza kupanda minazi akiwa na miaka 15, nyuma ya babake, na sasa amepita 40. Shamba lina minazi 60 hivi na mikorosho michache. Humo mna nyumba tatu: yake, ya mama yake mjane, na moja iliyofungwa ambayo ni ya ndugu yake mdogo anayefanya kazi Mombasa.

Kwa asiyeijua kazi hii: mgema hupanda asubuhi na jioni, siku zote, Jumapili nayo, kiangazi na masika. Vidato vimechongwa kwenye shina, kibuyu kiko kiunoni, kotama, kile kisu cha kugemea, mkononi. Karara, ala inayofunika maua ya mnazi, hulifunga kabla halijapasuka, halafu hulikata ncha yake kidogo kidogo, na utomvu ukadondoka kibuyuni. Ukishuka asubuhi ni mtamu kama asali iliyotiwa maji. Ukiachwa, jioni umeshachachuka wenyewe bila kutiwa chochote, umekuwa tembo, pombe ya mnazi. Na karara linalogemwa halizai nazi. Hilo la mwisho msomaji alishike.

Tembo ndilo lililoijenga nyumba yake na kumsomesha binti yake mkubwa hadi kidato cha tatu. Ndilo pia lililomla. Alikuwa mnywaji, na mangwe, kilabu cha tembo, iliyokuwa nyuma ya nyumba yake ilimletea ngumi, madeni, na wake za watu waliokuja usiku na tochi kutafuta waume zao.

Desemba moja alikwenda kwenye mkutano wa injili uwanjani, akaokoka. Wokovu wake siutilii shaka. Nimeona wengi wakivutwa mbele na vinanda, na wiki ya pili wamesharudi walikokuwa. Huyu alirudi nyumbani usiku uleule akavunja vibuyu vyake vyote, 22, kimoja kimoja, mkewe akihesabu kwa mlio akiwa kitandani. Alfajiri hakupanda. Wateja walipokuja aliwaambia kazi imekwisha, wakaondoka wakidhani ni homa. Mwenye kujua maana ya kupanda mara mbili kwa siku kwa miaka 25 anajua pia maana ya asubuhi ile.

Wiki tatu hazikuisha. Karo ya binti ya muhula wa kwanza, iliyokuwa imehifadhiwa kwenye simu, aliituma kwa mhubiri wa mkutano ule, ikaitwa sadaka ya kujitoa. Akamwambia mkewe kwamba shamba litauzwa, pesa zote ziende kwa huduma ya mhubiri, nao wahamie bara wakahubiri. Na mama mzee? "Mungu atamtunza." Tayari mnunuzi alikuwa ameletwa akatembezwa mipakani.

Mke yule alisimulia yote haya macho makavu. Machozi yalimtoka mara moja tu, alipolitaja neno Shakahola.

Nilivyokosea

Hapa kwetu neno hilo halihitaji maelezo, ila kwa msomaji wa mbali nitasema. Aprili 2023 ulianza ufukuaji wa makaburi katika msitu wa Shakahola, bara ya Malindi. Miili iliyotolewa ilipita 400, watoto wakiwemo. Watu walikuwa wamefundishwa kufunga bila kula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Wako waliouza mali, walioacha kazi, waliowatoa watoto shuleni. Kesi ilikwenda mahakamani, na huko ndiko kwake. Kinachoniuma mimi kama mwalimu ni kwamba maneno yaliyowapeleka watu msituni ni yaleyale tunayoyaimba kila Jumapili: jitoe, jikane, acha vyote.

Kwa hiyo nilikwenda Ganda nikiwa nimeshahukumu. Sikumwona mtu aliyeokoka. Nilimwona maiti wa kesho. Tukaketi chini ya mkorosho, na kabla hata maji hayajaletwa tulikuwa tumeanza kushindana. Akafungua Luka 14:33: asiyeacha vyote alivyo navyo hawezi kuwa mwanafunzi wangu. Nikamjibu kwa 1 Timotheo 5:8, kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Akanitolea yule mtu wa Luka 9 aliyetaka kwanza akamzike babaye. Nikamtolea amri ya kuwaheshimu baba na mama. Tulicheza mistari kama watu wachezao bao, kila mmoja akila kete za mwenzake, hadi kivuli kikahama. Mwishowe akasema kwa upole, na huo upole ndio ulionichoma: "Mwalimu, wewe unaogopa. Yesu alisema vyote. Unataka nimpe nusu?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Yesu alisema vyote. Hakuna njia ya kuisoma Injili ukatoka na Mungu anayeridhika na saa mbili za Jumapili na fungu la kumi. Petro na Andrea waliziacha nyavu. Paulo aliwaandikia Warumi waitoe miili yao iwe dhabihu iliyo hai, na mwili si kitu ambacho mtu anaweza kutoa nusu akabaki na nusu. Mwalimu anayempunguzia mtu madai hayo kwa kuogopa Shakahola amefanya dhambi ya aina nyingine: amemficha Kristo ili watu wawe salama. Niliondoka Ganda jioni ile nimeshindwa, na nilistahili kushindwa.

Njiani nilifikiri juu ya maneno tuliyo nayo. Tunasema kusalimu amri, na hilo ni la vita, la mtu aliyezidiwa akatupa silaha. Tunasema kujisalimisha, na ndani yake inasikika salama, neno tunaloshirikiana na majirani zetu Waislamu. Tunasema kukabidhi, kama mtu akabidhivyo funguo, au mama amkabidhivyo mtoto kwa nyanya yake anapokwenda kisimani. Na tunalo wakfu, la mali iliyotengwa kwa ajili ya Mungu, ambalo mtu wa pwani halifundishwi na mtu, maana amekua akipita kando ya mashamba ya wakfu. Mgema wetu alikuwa amelishika la kwanza tu. Amri imesalimiwa, silaha zimevunjwa, mji unachomwa moto. Sikujua bado kwamba jibu lake lingetoka kwenye hilo la mwisho, wala kwamba lisingetoka kinywani mwangu.

Swali la jirani

Mara ya pili nilikwenda bila Biblia mkononi. Nilimkuta na mzee mmoja wa Kiislamu, jirani wa tangu enzi za babake, mnunuzi wa nazi. Alikuwa ameitwa kuagwa. Wakanikaribisha, tukanywa kahawa. Mzee aliuliza polepole, kama mtu anayepima nazi kwa kuitikisa sikioni.

"Shamba unamwachia nani, mwanangu?"

"Namwachia Mungu, mzee wangu."

"Dunia nzima ni yake, hilo tunajua sote. Mimi nauliza hati. Ina jina la nani?"

Hati ilikuwa bado na jina la marehemu baba.

"Basi kwetu sisi," mzee akasema, "mtu haweki wakfu kitu kisicho chake. Na akishaweka, mnazi haukatwi. Unaendelea kuzaa, na wanaokula wanaendelea kula. Sasa wewe unakitoa cha marehemu, na ukishatoa, mama yako hali. Huo ni wakfu gani?" Akanyamaza kidogo. "Na ndugu yako wa Mombasa amesema nini?"

Mgema hakujibu. Alitazama juu, kwenye upenu wa nyumba yake, nami nikatazama alikotazama. Kotama ilikuwa imechomekwa kwenye makuti, mpini nje. Nikamuuliza kwa nini ile haikuvunjwa pamoja na vibuyu. Akasema, "Ile ni ya baba." Akasimama akaenda kumwangalia mbuzi ambaye hakuwa na shida yoyote.

Nakiri kwamba mzee yule alinifundisha Biblia yangu. Nilipofika nyumbani nilifungua Marko 7, nikasoma maneno ambayo nilikuwa nimeyafundisha miaka mingi bila kuyaona. Yesu anawakemea watu waliomwambia baba au mama kwamba kile ambacho angesaidiwa nacho ni Korbani. Na waliotafsiri Biblia yetu ya Union, walipotaka kueleza Korbani ni nini, waliandika wakfu. Mtu alikuwa anaweza kumnyima mzazi wake kwa jina la Mungu, na Yesu akasema huko ni kulitangua neno la Mungu. Kwa hiyo Yeye aliyesema acha vyote ndiye aliyekataa vyote vilivyotolewa kwa njia ile. Si kwamba alibadilisha nia. Kuna kutoa ambako ni kutoa, na kuna kutoa ambako ni kukimbia deni na kupita mlango wa kanisa.

Hapo ndipo kisa kilipogeuka machoni pangu. Siku zote hizo nilikuwa nikijiuliza kama mgema huyu ametoa kupita kiasi. Sasa nikaanza kujiuliza kama kuna kitu hajatoa.

Kilichokuwa chini ya shamba

Alikuja mwenyewe, kwa miguu, Ijumaa usiku. Akaketi kwenye kigoda kilekile alichoketi mkewe.

Babake alipokuwa anakata roho alimpa kotama na kumwambia, "Mwenzako yuko mbali. Mwekee." Miaka mitano iliyopita, katikati ya ulevi na madeni, aliuza robo ekari ya upande wa barabarani. Ndugu yake aliporudi kwa sikukuu akakuta ukuta wa mtu mwingine, aliambiwa kwamba kipande kile kimeliwa na barabara. Ndugu aliamini. Kila mwaka tangu hapo aliendelea kutuma pesa za mama, na kila mwaka mgema alizipokea akasema asante.

"Nilipookoka," akaniambia, "kitu cha kwanza kilichonijia usiku ule, kabla ya vibuyu, kilikuwa uso wake. Nikaona afadhali nitoe shamba zima."

Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi kuliko mahubiri yoyote niliyosikia mwaka ule. Afadhali nitoe shamba zima. Aliona kumpa Mungu ekari zote ni rahisi kuliko kumpa dakika moja ya kusimama mbele ya mdogo wake na kusema nilikudanganya. Shamba likiuzwa, mpaka ungefutika, na ule uongo ungezikwa na mpaka wake. Na watu wangemsifu. Tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa za uwanjani zilikuwa zimeanza kulitia maji jambo lake, naye hata hajui.

Haya ndiyo maoni yangu, na nayasimamia. Mtu akijichagulia mwenyewe cha kumpa Mungu, hata akichagua kikubwa cha kutisha, bado hajajitoa. Aliyeamua ni yeye. Kiti hakijahama. Mgema alikuwa bado bwana wa shamba hata katika kulitoa. Kule Gethsemane, Bwana hakuchagua kikombe chake. Aliomba kiondolewe, kisha akasema si mapenzi yangu, bali yako yatendeke. Dhabihu nyingi mtu anaweza kujibunia, za kufunga, za kuhama, za kugawa mali. Kikombe hukibuni. Unakikuta kimewekwa mbele yako, mara nyingi ni kidogo, kina jina la mtu unayemjua, na ndicho hasa ulichokuwa unakizunguka. Maisha yote maana yake ni pamoja na hicho. Ukikitoa hicho ndipo mengine yanapata mahali pa kusimama.

Nikamsomea habari ya Zakayo, safari hii bila kushindana. Zakayo naye alitoa kitu kikubwa, nusu ya mali yake kwa maskini. Lakini aliongeza jambo la pili, kwamba kama amemnyang'anya mtu kitu kwa hila, atamrudishia mara nne. Nusu ya kwanza ni ukarimu. Mara nne ni ukweli, na ukweli una anwani. Mgema akaniuliza, "Mara nne ya robo ekari ni ekari nzima, Mwalimu?" Nikamwambia ndugu yake ndiye atakayesema.

Alikwenda Mombasa siku ya Jumatano. Nilitamani niandike hapa kwamba walikumbatiana. Ndugu alimsikiliza hadi mwisho, akamwuliza kipande kiliuzwa kwa bei gani, akamwambia atataka pesa hizo zote, bila mara nne na bila kupunguza hata shilingi, kisha akafungua mlango atoke. Mgema alilala stendi ya basi akingoja gari la asubuhi. Aliporudi, mkewe alisema alikuwa na uso ambao hakuwa ameuona tangu waoane. Sikuuliza zaidi.

Mama, mke, na binti

La shamba lilimalizika haraka. Hata kama dhamiri isingemzuia, sheria ingemzuia. Mali ya marehemu haiuzwi kabla ya urithi kufunguliwa, ardhi ya kilimo inahitaji kibali cha bodi ya ardhi, na Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hairuhusu mali ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mke. Mnunuzi alipoyasikia hayo alitoweka.

La wito wake wa kuhubiri halikuwa jepesi hivyo, wala sikutaka kulizima. Nilimchukua siku moja hadi kanisa dogo la Wareno kando ya bahari, lile lenye paa la makuti. Alitazama paa kwanza, kama fundi. Nikamweleza juu ya Fransisko Xaveri, mmisionari Mkatoliki, aliyepita Malindi mwaka 1542 akielekea India, akamzika hapa mtu mmoja wa merikebu yao. Naye aliacha vyote. Lakini nadhiri yake aliiweka Paris Agosti 1534, pamoja na wenzake, na hakupanda merikebu hadi 1541. Karibu miaka saba ilipita katikati, na wenzake wakimjua, na wakubwa wake wakimpima. Hakuwa na mke wala mtoto aliyesahauliwa nyumbani. Mhubiri wa uwanjani alikuwa amempa ndugu yetu wiki tatu, akimsihi asimwambie mtu mpaka mambo yakamilike, na akaunti ya kutumia pesa ilikuwa moja. Mtu akiona haraka, siri, na mfuko mmoja vimekaa pamoja, na asimame kwanza aulize anajisalimisha kwa nani.

Kilichomfikia moyoni, hata hivyo, hakikuwa Xaveri. Kilikuwa kitu kilekile ambacho kilinifikia mimi nilipomfikiria mama yake kizee, aliyekuwa ameketi mlangoni wiki zote hizo akisuka makuti na kusikia anauzwa. Katika Yohana 19, Yesu yuko msalabani. Hapajawahi kutokea, wala hapatatokea, mtu kujitoa kwa Mungu kuliko pale. Anatoa pumzi. Na katikati ya kutoa huko anamwona mama yake amesimama, anamwonyesha mwanafunzi aliyempenda, anamwambia mwanafunzi, tazama, mama yako. Tangu saa ile yule mwanafunzi akamchukua nyumbani kwake. Hakusema Mungu atamtunza. Alijua Mungu atamtunza, kwa hiyo akamtafutia nyumba. Nilipomsomea, mgema aliomba nirudie, nikarudia. Kisha akasema, "Basi hata msalabani hakumwacha mamake." Hatukuongea tena njia nzima.

Petro naye, aliyesema tumeacha vyote, tunamkuta baadaye katika barua ya Paulo kwa Wakorintho akisafiri na mkewe. Aliziacha nyavu. Mke alikwenda naye.

Binti ndiye aliyelipa bei ambayo haikurudishika. Mgema aliiomba ile karo kwa mhubiri, mara mbili, akajibiwa kwamba kilichotolewa kwa Bwana hakirudi. Muhula wa kwanza ukapita msichana yuko nyumbani, akisaidia kuuza maandazi barabarani huku wenzake wakipita na sare. Nilimshauri mgema atafute namna ya kumweleza. Alichofanya sikukitarajia kwa mwanamume wa rika lake na malezi yake. Alimwita binti mbele ya mama na nyanya, akavua kofia, akasema, "Nilichukua kilicho chako nikampa Mungu kama changu. Nisamehe." Binti alinyamaza, akaingia ndani. Usiku alimpelekea babake chakula mwenyewe, kazi ambayo tangu Januari alikuwa amemwachia mdogo wake.

Nimesema hapo juu karara linalogemwa halizai. Linalofunguka leo, nazi yake hukomaa baada ya mwaka hivi. Hiyo ndiyo gharama aliyotuambia Bwana tuketi kwanza tuihesabu, kabla ya kuanza mnara. Aliyeacha kugema Desemba hana nazi ya kuuza mpaka Desemba nyingine. Katika mwaka huo mgema alikata makuti, akapalilia mashamba ya watu, akaezeka paa za watu. Kama tembo lenyewe ni dhambi au la, makanisa ya pwani hayakubaliani, na mimi sitalimaliza hapa. Najua tu kwamba kwake lilikuwa mnyororo, na kwamba mwaka ule wa njaa, alipoweza kupanda jioni moja tu na kupata pesa ya unga, hakupanda. Kuvunja vibuyu kulichukua robo saa. Kutopanda kulichukua siku zote zilizofuata, na mimi nikiulizwa ni wapi hasa nilimwona mtu akiyatoa maisha yake kwa Mungu, nitaonyesha jioni hizo.

Hakuwa mhubiri. Huenda atakuwa, ameanza kufundisha watoto Jumapili, na nimemwambia hiyo ni shule nzuri kuliko zote. Mkewe huketi naye sasa wanapopanga pesa, simu iko katikati yao mkekani. Deni la ndugu limebaki mafungu mawili.

Kotama aliitoa kwenye makuti Januari, nazi zilipokuwa tayari, akaanza nayo kuangua madafu na nazi za soko. Mgao wa kwanza aliujaza kwenye gunia, akaupeleka kwa basi hadi Mombasa kwa ndugu yake, bila ujumbe. Tangu hapo hupeleka kila anapoangua. Ndugu hajapiga simu. Ila gunia hurudi, limekunjwa, na juzi lilipofunguliwa mlikuwamo leso mpya, ya mama.